Aliyeiua Chupa ya Vudee

Sajini Melkizedeki Mfinanga alipiga magoti kwenye samadi, akaushika mguu wa nyuma wa ng'ombe wa Eliaichi, akaunusa.

Konstebo Kurwa, aliyekuwa ameshikilia pembe upande wa mbele, aligeuza uso haraka asionekane anacheka. Kurwa alikuwa mtu wa Tabora. Tangu wapande Vudee alikuwa akitetemeka ndani ya koti lake la polisi na kuilaani milima yote iliyopata kuumbwa, lakini kwa kitambo hicho hata baridi aliisahau. Tangu ajiunge na polisi hakuwahi kuona upelelezi unaofanyika kwenye kwato.

"Njoo unuse na wewe," Melkizedeki alisema.

"Mimi, bwana?"

"Nataka mashahidi wawili."

Kurwa akazunguka, akainama, akanusa, akaruka nyuma. "Laizoli," alisema. "Kama sakafu ya hospitali."

"Na samadi."

"Na samadi, bwana. Samadi ndiyo nyingi."

Katikati ya kwato palikuwa na kidonda kinachoanza kukauka, kimefungwa kwa bendeji iliyofuliwa ikafuliwa tena. Melkizedeki aliifungua, akakitazama kidonda, akaifunga upya vizuri kuliko alivyoikuta. Kisha akabaki pale pale amepiga magoti, hana haraka ya kusimama, maana alijua kwamba akisimama tu itabidi akubali alichokigundua.

Eliaichi hakudanganya. Dresa huyo, mfunga vidonda wa zahanati ya Vudee, alikuwa ameshikilia neno moja tangu Ijumaa: Laizoli niliiba, ndiyo, lakini niliiba kwa ajili ya ng'ombe, sikuitia kwenye chupa ya daktari. Melkizedeki hakumsikiliza. Chupa ya Laizoli, dawa ya kuulia vijidudu sakafuni, ilikuwa imefichwa kwenye nyasi za paa la banda, na wiki mbili kabla ya hapo dresa alikuwa amegombana na daktari mbele ya wagonjwa akasema kwamba chupa ile, ingekuwa yake, angekwisha kuimwaga mtoni. Mpelelezi gani angetaka zaidi ya hayo? Alimtia pingu mbele ya mkewe, akamteremsha hadi Same, akamweka rumande. Kisha akapoteza Jumamosi na Jumapili yote huko Makanya, akienda duka kwa duka kuuliza kama kuna mtu wa Vudee aliyenunua sumu ya panya. Aliambulia vumbi kwenye buti na malengelenge kisiginoni.

Chupa iliyoleta balaa lote hilo ilikuwa dude la kioo lenye kimo cha mtoto anayeanza kutembea, la aina ile inayoletewa tindikali kutoka Ulaya ikiwa imevikwa kikapu. Tindikali haikuwamo. Yalikuwamo maji ya bahari na matope ya bahari, na ndani ya matope hayo, kwa maneno ya daktari, ulikuwamo ukoo wa bakteria ambao hakuna mtu duniani aliyewahi kuupa jina. Daktari Lindsell aliwasaka kwa miaka mitatu. Kila likizo, badala ya kwenda Nairobi kustarehe kama Wazungu wenzake, alishuka hadi stesheni ya Makanya, akapanda treni ya Tanga, akarudi na mikebe ya matope yanayonuka. Wapagazi waliompandishia mikebe hiyo mlimani ndio waliompa jina la Bwana Matope, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la ubatizo.

Matope hayo aliyaotesha kwenye visahani vya kioo pamoja na vijidudu vya usaha alivyovitoa kwenye vidonda vya wagonjwa wake. Visahani chungu nzima havikumwambia kitu. Kisha siku moja kisahani kimoja kikaonyesha duara tupu: palipoota bakteria wa bahari, vijidudu vya usaha havikusogea. Bakteria wale walikuwa wanatoa kitu majini, na kitu hicho hakikuwa penisilini. Penisilini ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa mtoto aliyelala wodini, ikashindwa.

Mtoto huyo alikuwa Dina, binti wa Zipora, umri wake miaka tisa. Mfupa wa paja lake ulikuwa unaoza. Ugonjwa ulikuwa umepanda karibu na nyonga, na hapakubaki mahali pa kukata. Daktari alianza kumwosha kidonda kwa maji ya chupa asubuhi na jioni, na homa ambayo haikuwa imeshuka tangu masika ikashuka. Dina aliomba ndizi. Aliomba aletewe rafiki zake. Mama yake alilia siku hiyo mpaka mhudumu wa jikoni akadhani mtoto amefariki.

Halafu Alhamisi iliyopita daktari akarudi kutoka Tanga na madebe mawili ya maji mapya ya bahari, akafungua stoo, akaikuta chupa imekufa. Maji yaliyokuwa mazito kama togwa yalikuwa maangavu, mtu angeweza kusoma gazeti kupitia kioo, na chini pametanda utelezi. Mbegu nyingine hakuwa nayo. Zile alizozihifadhi kwenye vichupa vidogo ziliingiwa na ukungu wakati wa mvua. Zile alizozipeleka Uingereza, simu ilirudi kwamba zimefika zimekufa.

"Sijali utamfunga nani," Bwana Matope alikuwa amemwambia Melkizedeki siku ile ya kwanza. "Niambie tu wametiwa nini. Nikijua ni nini, pengine nitaweza kukitoa, na waliosalia ndani ya matope wakapona. Nisipojua, mtoto huyu atakufa."

Melkizedeki alisimama, akajipangusa magoti.

"Kurwa, unakumbuka kile kichekesho cha Eliaichi? Kile alichosema kituoni, Inspekta akacheka mpaka akavua miwani?"

"Kwamba chupa ilijijaza yenyewe?"

"Kiseme chote."

Kurwa alikuna kichwa. "Alisema alipochota dawa ya mtoto Jumatano jioni, chupa ilikuwa imebaki maji kidogo tu juu ya matope. Asubuhi yake akaikuta imejaa hadi mstarini. Akadhani viumbe wamezaana."

"Na sisi tukacheka."

"Wewe ulicheka kuliko wote, bwana."

"Basi kama la ng'ombe ni kweli," Melkizedeki alisema, "huenda na hilo ni kweli."

Walipofika zahanati, habari ya kwato ilikuwa imewatangulia. Dina alikuwa ameinuliwa juu ya mito miwili, macho makubwa usoni, mashavu yanang'aa kwa homa iliyorudi tangu Ijumaa. Mguu ulikuwa chini ya tenga lililofunikwa blanketi ili chochote kisiuguse.

"Shikamoo, Sajini. Ni kweli ulimnusa ng'ombe?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Watu wote. Alikuwa ananuka nini?"

"Ananuka hospitali. Nadhani anataka kazi ya unesi."

Dina alicheka, kisha kicheko kikamfika pajani akauma midomo, na Melkizedeki akajilaumu kwa utani wake. Alikaa pale mpaka maumivu yalipompita mtoto. Hakuweza hata kumshika mkono, kwani mkono wake yeye ulikuwa bado una samadi.

Bwana Matope alikuwa stoo, amekaa juu ya kreti, hajanyoa ndevu. Mbele yake palikuwa na chupa ile, na kandokando madebe mawili ya maji ya bahari ambayo hayakuwa na wa kuyahitaji.

"Umepata?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimepata kwamba si Laizoli, Bwana Daktari."

"Hilo hata mimi nimeshaliona. Nimepima Laizoli, nimepima tindikali, nimepima sumu zote ninazozijua kwa vifaa nilivyo navyo. Sioni kitu. Maji ni safi, Sajini. Sijapata kuona maji safi hivi."

Melkizedeki alichuchumaa mbele ya chupa. Kwenye kioo, karibu na mabega yake, ulikuwapo mstari wa penseli ya bluu. Maji yalikuwa yameugusa mstari huo sawasawa.

"Huu mstari ni wa nini?"

"Kipimo. Kila siku nachota maji ya dawa, najaza mapya mpaka hapo."

"Na Tanga ulikwenda kufanya nini?"

"Kuleta maji. Yalikuwa yamekwisha. Nilipoondoka chupa ilikuwa karibu nusu, na Eliaichi alitakiwa aendelee kuchota."

"Uliporudi Alhamisi, ulitia debe ngapi humu?"

"Sikutia. Ningetia ya nini? Walikuwa wamekwisha ku…"

Akageuka, akautazama mstari wa bluu kama mtu anayemwona mgeni kakaa kwenye kiti chake. Kwa siku nne alikuwa akiitazama chupa ile, na kwa sababu maji yalikuwa pale alipozoea kuyaona, hakuyaona.

Aliwasha jiko la Primus, akachukua vifuniko viwili vya mkebe, akatia kijiko cha maji ya debe kwenye kimoja na kijiko cha maji ya chupa kwenye cha pili, akavitenga motoni kwa zamu. Cha kwanza kilipokauka, kiliacha ukoko mweupe wa chumvi. Cha pili kilipokauka kiliacha vumbi jembamba ambalo Kurwa, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alidhani ni uchafu wa kifuniko.

"Maji ya mlimani," alisema Bwana Matope. "Wametiwa maji matupu ya mlimani."

"Maji yanaua?"

"Yanawaua hawa. Wamezoea chumvi ndani na chumvi nje. Ukiwatia ghafla kwenye maji yasiyo na chumvi wanayavuta, wanavimba, wanapasuka. Kama maharage yaliyolowekwa kupita kiasi. Ule utelezi chini ni matumbo yao."

Melkizedeki alihisi moyo ukimdunda kwa furaha ya kazi, ile furaha ambayo mpelelezi hawezi kuizuia hata msibani. "Basi tumejua! Chumvi ipo. Maji ya bahari yapo, madebe mawili. Watie, wapone."

Daktari alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimtisha Melkizedeki kuliko hasira zote alizowahi kumwona nazo.

"Alhamisi," alisema, "pengine. Mimi sikuliona na ninyi mlikuwa mnatafuta sumu. Alhamisi, au hata Ijumaa, huenda ndani kabisa ya matope wangekuwepo wachache ambao maji hayajawafika. Asubuhi hii nimeotesha matope ya katikati, ya chini, ya pembeni. Nimeangalia kwa darubini kutwa nzima. Hakuna hata mmoja, Sajini. Na ya jana hivyo hivyo."

"Tanga je? Walikotoka?"

"Nimekwisha kurudi palepale walipotoka mara nyingi nisizozikumbuka, na kila mara nikapata wengine. Walikuwa ndani ya mkebe mmoja. Naweza kwenda tena kesho. Naweza kutafuta miaka mingine mitatu." Aliinua mkono kuelekea wodini, akauacha uanguke.

Jumamosi nzima, Melkizedeki aliwaza. Jumamosi nzima na Jumapili, mimi niko Makanya nauliza sumu ya panya. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na hapakuwa na mtu wa kumwomba radhi isipokuwa mtoto asiyepaswa kujua.

Alijikaza akarudi kwenye kazi yake.

"Ufunguo wa stoo alikuwa nao nani?"

"Nilishakwambia. Mimi na Eliaichi."

"Na hii pampu ya baiskeli, iliyofungwa mpira ukaingia chupani?"

"Ya kuwapulizia hewa. Lazima wapuliziwe asubuhi, mchana na jioni."

"Ukiwa Tanga alipuliza nani?"

"Eliaichi ana wodi nzima ya kuhudumia. Alikuwa anamfungulia…" Bwana Matope aliufunga mdomo. Alimhesabu kila adui aliyekuwa naye kuanzia Makanya hadi Same, na mtu huyu hakumhesabu, kama ambavyo mwenye nyumba hahesabu kizingiti. "Mama Dina," alisema.

Upande wa pili wa ukuta Dina alikuwa akimwuliza mtu jina la ng'ombe.

"Ulimwambia nini kabla hujaondoka?"

"Nilimwonyesha mstari. Nilimwambia naenda kuleta maji yafike hapa. Yakipungua sana viumbe watakufa, na dawa ya mtoto itakwisha. Nikamwambia Jumatano nimerudi."

"Ukarudi Alhamisi."

"Mvua ilikuwa imekata reli! Tulilala njiani. Ningefanya nini?"

"Ulimwambia ni maji gani?"

"Ya bahari. Kila mtu anajua maji ya bahari yana…"

"Yeye hajapata kufika mbali zaidi ya Same," Melkizedeki alisema polepole. "Mimi mwenyewe, kwetu Msangeni, bahari niliisikia tu ikitajwa kanisani. Nilikuwa na ndevu nilipoionja."

Bwana Matope aliuzika uso wake mikononi. "Usimwambie," alisema kati ya vidole. "Nafuta malalamiko yangu. Mfungulie Eliaichi, na Mama Dina usimwambie. Subiri mpaka mtoto…"

"Inspekta hawezi kumfungulia mtu kwa ajili ya kwato, Bwana Daktari. Jina lake limekwisha kufika kwa Bwana DC. Na hata akifunguliwa, huku mlimani atakuwa ndiye aliyemwua Dina mpaka wajukuu zake wazeeke. Lazima nipate maelezo ya aliyejaza."

"Basi andika kwamba ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia yafike mstarini."

"Ulikuwa Tanga," Melkizedeki alisema.

Alimkuta Zipora nyuma ya wodi, kwenye jiko la wauguzaji, akiosha sufuria ambalo tayari lilikuwa safi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu kana kwamba ndicho kinachomshikilia. Yeye ndiye aliyetoa habari ya Laizoli siku ya kwanza. Alimwona Eliaichi akiitorosha chini ya koti.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba, Mama Dina. Mtoto anasemaje?"

"Amecheka leo. Umemchekesha, Mungu akubariki." Aliliweka sufuria chini. "Yule mtu amekiri?"

"Nimekuja kuandika maelezo yako. Siku ile niliyaandika mafupi."

"Siku ile uliniuliza habari ya Laizoli tu."

"Ndiyo. Leo nataka unieleze habari ya kupuliza hewa. Jumatano."

Alikaa juu ya gogo, akaweka karatasi juu ya goti. Zipora alisimama mbele yake, mikono mbele, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeulizwa somo analolijua vizuri.

"Jumatano nilipuliza asubuhi, nikapuliza mchana. Maji yalikuwa yanashuka. Kila Eliaichi akichota yanashuka, yeye hajali. Daktari alisema Jumatano. Nikakaa njiapanda mpaka giza likaanza, daktari haji. Nikarudi kupuliza ya jioni nikaona yamebaki kidogo tu, mpira karibu unapuliza hewa tupu. Nikaogopa, Sajini."

"Hukumwambia Eliaichi?"

"Nimwambie nini mtu anayeiba dawa?" Alimtazama kwa mshangao kidogo. "Kwani ninyi kwenu hakuna ndiva? Hapa kwetu bwawa hilo la mashamba lina jiwe ukutani. Yeyote atakayeona maji yako chini ya jiwe haendi kuuliza mtu, hasubiri mwenye zamu. Anayafungulia yaingie, halafu ndipo anapiga kelele. Marehemu mume wangu alikuwa na zamu pale, na mimi nilishika zamu yake alipofariki. Sijaacha maji yashuke chini ya jiwe hata siku moja. Niyaache ya mwanangu?"

Kalamu ya Melkizedeki ilikuwa imesimama.

"Ukafanyaje?"

"Sikuchukua ya mfereji, ng'ombe wanapita mle. Nilipanda mpaka kwenye chemchemi kule juu, na mvua ile, na mtungi. Ndiyo mara yangu pekee kumwacha Dina peke yake tangu tuje hapa. Nikayachemsha kama tulivyofundishwa, nikayapoza chini ya kifuniko, nikayachemsha mara ya pili. Nikanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni. Stoo ilikuwa bado wazi tangu nilipofunguliwa kupuliza; nikamimina taratibu, taratibu, yasiwashtue. Yakafika pale pale. Hayakuzidi, hayakupungua." Uso wake, ambao Melkizedeki hakuwahi kuuona bila hofu, ulilainika. "Usiku huo nililala. Nilikuwa nimemwokoa mwanangu. Halafu asubuhi yule mshenzi akaja na Laizoli yake."

Upepo ulivuma, moshi wa jiko ukawapitia wote wawili. Kurwa, aliyekuwa amesimama pembeni, alianza kuangalia kofia yake kwa makini sana.

"Mbona huandiki?" Zipora aliuliza.

"Naandika, Mama Dina."

"Huandiki. Nakuona. Nataka liandikwe hilo, kwamba daktari aliniachia kazi na mimi niliifanya. Nataka Bwana DC alijue. Isije ikasemwa nilimwachia mtu mwingine mwanangu."

Akaandika. Aliandika yote, chemchemi na mtungi na sabuni, neno kwa neno, maana kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilikuwa linamtoa Eliaichi rumande. Miaka yote ya kazi yake aliwahi kuwabana wezi na wauaji mpaka wakakiri huku wanatetemeka, akaenda kulala usingizi mzuri. Huyu alimpa kila kitu bila kuulizwa mara mbili, amesimama wima, na Melkizedeki alitamani angekuwa amedanganya hata mahali pamoja.

"Nisomee."

Akamsomea. Zipora aliitikia kila sentensi kwa kichwa, na mahali pamoja akamsahihisha: sabuni ilikuwa ya zahanati, si yake, na aliomba ruhusa. Melkizedeki akaongeza hilo. Kisha Kurwa akaleta kibweta cha wino, na Zipora akakandamiza dole gumba lake chini ya karatasi kwa nguvu, akaliinua, akaitazama alama yake.

"Imetoka vizuri," alisema. Alianza kujifuta wino kwenye pindo la kanga. "Sasa huyo Eliaichi atafungwa lini?"

Melkizedeki aliikunja karatasi. Alikuwa amejiandalia jibu njiani kutoka stoo, jibu refu lenye maneno ya kiserikali ndani yake, na sasa akaliacha.

"Hatafungwa. Kesho anarudi nyumbani. Hakuitia kitu chupa ile."

"Hakutia? Laizoli nimeiona kwa macho yangu!"

"Ilikuwa ya ng'ombe wake. Tumehakikisha."

"Basi ni nani?"

"Keti kwanza, Mama Dina."

Hakuketi. Alimtazama usoni, kisha akaitazama karatasi iliyokunjwa mkononi mwake, kisha akamtazama Kurwa, na Kurwa akageuka akaelekea kwenye migomba. Mkono uliokuwa unafuta wino ukaanza kwenda polepole, ukasimama.

"Niliyachemsha," alisema.

Melkizedeki alisimama kutoka kwenye gogo.

"Sajini. Niliyachemsha mara mbili."

"Najua," alisema.